Nimewalipia wanangu raga: mazoezi ya Jumamosi kule Tudor

Mimi si mtu wa michezo. Nauza leso Biashara Street, na kwa miaka mingi mpira kwangu ulikuwa kitu cha kuvunja vioo vya jirani. Anayetafuta uchambuzi wa kitaalamu apite tu. Hapa kuna hesabu ya mama aliyetoa pesa zake na akasimama kando ya uwanja kuangalia zinafanya kazi gani. Nimeamua kuandika kwa sababu wateja wakiona picha za wanangu kwenye simu yangu, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, huuliza maswali yale yale, na dukani siwezi kujibu kwa kirefu huku mtu anataka nimteremshie leso ya rafu ya juu.

Mazoezi yenyewe hayana jina rasmi. Wazazi tunayaita raga ya Jumamosi. Yanafanyika kwenye uwanja wa shule moja huko Tudor, saa moja asubuhi hadi saa tatu, kwa watoto wa miaka minane hadi kumi na sita. Ada ni shilingi 1,500 kwa mwezi, au 500 ukija siku moja moja. Ukiwa na watoto wawili, wa pili analipa nusu, lakini punguzo hilo hulisikii mpaka uulize. Mimi niliuliza. Kuuliza bei ndiyo kazi yangu.

Mwendeshaji ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, kidole kimoja cha mkono wa kulia kimepinda na hakikunjiki. Watoto wanamwita Kocha na sisi wazazi tumefuata. Alianza hapa hapa Pwani, akapanda Nairobi akacheza misimu kadhaa, akaitwa kambi ya majaribio ya timu ya taifa, na jina lake likakatwa kabla ya safari. Hilo analisema mwenyewe, bila kuzunguka, siku ya kwanza unapompelekea mtoto. Nilimpenda kwa hilo. Tatizo ni kwamba analisema tena Jumamosi ifuatayo, na inayofuata, huku watoto wamekaa chini wanachora mchangani, na zile saa mbili ulizolipia zinaanza kupungua.

Aliyetufikisha huko ni kaka yangu. Mombasa ni mji wa kandanda, hakuna asiyejua. Ukitaja timu watu wanawaza Bandari. Yeye ni katika wale wachache ambao Driftwood ikija pale Mombasa Sports Club haonekani nyumbani wikiendi nzima, na Jumatatu anakwenda kazini hana sauti. Kwa wasioijua, Driftwood ndiyo duru yetu ya raga ya kitaifa ya wachezaji saba kila upande. Nakuru wana Prinsloo, Kisumu wana Dala. Basi alipowaona wapwa zake wanashinda na simu kuanzia Ijumaa jioni, akaja na neno: kuna mtu anafundisha raga, na huyo mtu alicheza mwenyewe. Nikamwambia waliocheza ni wengi. Akakaa kibarazani, akamiminiwa kahawa, akaanza na Ayimba.

Benjamin Ayimba, wenyewe wa raga wakimwita Benja, alikuwa nahodha wa timu yetu ya taifa ya wachezaji saba. Nyumbani alichezea Impala ya Nairobi. Ng'ambo akafika Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, akavaa jezi ya klabu ya Pirates. Miguu ilipochoka akashika filimbi, na timu aliyoiongoza uwanjani ndiyo aliyokuja kuifundisha. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la wachezaji saba huko Dubai, Kenya iliitoa Fiji kwa 26-7 katika robo fainali, ikakomea nusu fainali mbele ya Argentina. Mwaka 2011 akaondoka. Mwaka 2015 akaitwa tena. Tarehe 17 Aprili 2016, Singapore, Kenya ikakutana na Fiji fainali na kuipiga 30-7, taji letu la kwanza kabisa kwenye msururu wa dunia, yale mashindano ya kila mwaka ya raga ya saba. Hapo kaka yangu husimama. Fainali hiyo hawezi kuisimulia amekaa. Collins Injera, mchezaji wetu wa siku ile, anapita huku, kikombe kinageuka mpira, na mimi nafuta kahawa sakafuni.

Nikamuuliza: na Rio je?

Maana Rio niliiona. Televisheni ya duka la jirani ilikuwa haizimwi wakati ule wa Olimpiki, Agosti 2016, miezi minne tu baada ya Singapore. Kocha wa Kenya alikuwa yule yule Ayimba. Kenya ilipoteza mechi zote tatu za kundi lake na kumaliza ya 11 kati ya timu 12. Kaka yangu akasema raga ya saba iko hivyo, kipindi kimoja ni dakika saba tu, ukiteleza mara mbili umeshafungasha. Labda. Lakini nikamwambia, kama mtu aliyecheza, aliyekuwa nahodha, aliyefundisha na kuchukua taji bado anaweza kufika Olimpiki akapigwa na kila timu ya kundi lake, wewe unaniambia nitoe pesa kwa sababu tu huyu wa Tudor alicheza?

Hakunijibu vizuri. Alinikumbusha tu kwamba Ayimba amefariki, Mei 2021, kwa malaria, akiwa na miaka 44. Hilo lilinigusa kuliko trai zote, yaani mabao ya raga. Mtu aliyekabana na majitu ya Fiji na Samoa akaondolewa na mbu. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Basi nikalipa, kwa mwezi mmoja kwanza. Leso ikisifiwa kiwanda chake, mteja anayejua huikunjua, akavuta pindo, akaitazama upande wa nyuma. Nami nilikwenda Tudor kumtazama Kocha upande wa nyuma.

Anachokosa nilikiona mapema: maneno. Anataka watoto watoe pasi ya mbali. Anachukua mpira, anakimbia hatua tatu, anauachilia unazunguka hewani na kutua kifuani mwa mtoto aliye upande wa pili, bila kumuumiza. Wazazi tukasema aah! "Mmeona? Haya, fanya hivyo." Mtoto anarusha, mpira unaanguka miguuni mwake. "Hapana, fanya hivi." Anarusha tena vile vile kwa uzuri ule ule. Mwili wake ulijifunza jambo hilo akiwa kijana na haujawahi kutakiwa kulieleza. Mwanangu wa kiume, ana miaka kumi na moja na moyo mdogo, alirudi nyumbani siku hiyo akaniambia yeye mikono yake haikuumbwa kwa raga.

Lakini Kocha hafundishi peke yake. Yuko na binti mmoja, anasoma chuo kikuu hapo jirani, mwembamba, mkimya, watoto wanamwita Dada Kocha. Jumamosi iliyofuata yeye ndiye aliyewachukua wadogo. Akawapiga magoti wawili wawili, wametazamana, umbali wa mkono na nusu, wakapeana mpira kwa vifundo vya mikono tu. Hakuna kurusha, hakuna nguvu. Halafu goti moja. Halafu kusimama. Halafu kutembea, mikono ya anayepokea ikiwa tayari imenyooshwa. Mwisho kukimbia. Kila hatua aliwapa jambo moja la kuangalia: vidole vielekee wapi mpira ukishatoka. Jambo moja, si matano. Kabla ya mapumziko ya maji, mtoto wangu mwenye mikono isiyoumbwa kwa raga alikuwa anatoa pasi kulia na kushoto, na alinitazama kuhakikisha ninaona.

Nikamfuata yule binti kumuuliza alijifunzia wapi. Alicheza shuleni, na anacheza bado, lakini kufundisha alianza kujifunza kwenye masomo ya bure ya World Rugby, shirikisho la raga la dunia, kwenye intaneti: sheria, usalama, namna ya kushughulika na mtoto aliyegongwa kichwa. Vyeti akanionyesha kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Bure kabisa, alisema, bando lako tu. Wazazi na walimu mnaosoma hapa, hilo lichukueni hata kama Tudor ni mbali kwenu.

Nilipomweleza kaka yangu kwamba kwa macho yangu binti ndiye mwalimu na Kocha ndiye jina, alichukia, akasema asiyecheza hawezi kufundisha. Jumamosi ikafika akaja mwenyewe uwanjani, na mabishano yakahamia chini ya mwembe ulio upande wa lango, wakati watoto wanakunywa maji. Niliyapenda mabishano yale kuliko mazoezi yenyewe, kwa hiyo mnivumilie niyaandike.

Kaka yangu akatoa Innocent Simiyu. Nahodha wa zamani, naye. Alipokabidhiwa timu baada ya Rio, msimu wa 2017-18 aliipeleka fainali mbili, Vancouver na Hong Kong, zote mbele ya Fiji, zote tukashindwa, lakini Kenya ikakusanya pointi 104 na kumaliza ya nane. Binti akasema ni kweli, mjomba, na msimu ule ule wachezaji walikwenda Paris wakaficha jina la mdhamini kwenye jezi kwa sababu ya malipo, na kocha akawa katikati. Hakuna mtu anayefundishwa hayo kwa kupiga trai. Simiyu aliondoka, akarudi baadaye, akawapeleka Olimpiki ya Tokyo, wakamaliza wa tisa.

Kaka yangu akatoa Kevin Wambua. Mwaka 2023 Kenya ilifungwa na Canada kule London ikashushwa daraja, watu wakalia. Wambua, aliyewahi kuivaa jezi hiyo hiyo, akaikuta timu imelala chini. Septemba ya mwaka huo huo wakaifunga Afrika Kusini 17-12 mjini Harare, wakawa mabingwa wa Afrika na tiketi ya Olimpiki ya Paris mkononi. Mwaka 2024 wakaifunga Ujerumani kule Madrid wakarudi daraja la juu. Paris wakamaliza wa tisa. Kaka yangu alihesabu hayo kwa vidole na kila kidole kilikuwa karibu na pua ya binti.

Binti hakurudi nyuma. Akamuuliza nafasi ya juu kabisa Kenya iliyowahi kumaliza kwenye msururu wa dunia ni ipi, na chini ya nani. Kaka yangu alijua, ila hakutaka kusema. Ni ya tano, msimu wa 2012-13, chini ya Mike Friday, Mwingereza. "Naye alicheza!" kaka yangu akaruka. "Alichezea England!" Kweli, alicheza. Nikaona binti ameshindwa. Akanywa maji taratibu, akasema, "Eddie Jones je, mjomba?"

Mimi Eddie Jones simjui. Nimeambiwa ni Mwaustralia, alikuwa mwalimu wa shule, alicheza raga ya klabu na ya jimbo lakini jezi ya taifa lake hakuwahi kuivaa. Akaifikisha Australia fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwaka 2015, kule Brighton, aliiongoza Japan kuifunga Afrika Kusini 34-32, matokeo ambayo hata kaka yangu huyataja kwa sauti ya chini. Mwaka 2019 akaifikisha England fainali.

"Na akapigwa!" Kaka yangu akapata pumzi. "Na nani? Rassie Erasmus, kocha wa Afrika Kusini! Mchezaji wa zamani wa Springbok, timu yao ya taifa! 32-12!"

"Ndiyo, mjomba. Lakini ulisema asiyecheza hawezi kufundisha. Yule alifika fainali mbili."

Kocha alikuwa amesimama karibu muda wote, mikono nyuma, hasemi. Nilitarajia aingie upande wa kaka yangu, maana ndio wenye kumsifu. Akasema kitu kimoja tu, kwamba yeye alipokatwa kambini, kocha wa wakati ule hakumwambia sababu, na mpaka leo hajui kilichokosekana. Akapuliza filimbi, watoto wakarudi uwanjani. Toka siku hiyo hadithi zake nazisikiliza kwa sikio jingine, ingawa bado ni ndefu.

Na haki yake nimpe, kwa sababu Jumamosi zilizofuata nilimwona Kocha kwenye sehemu yake. Sehemu hiyo ni kukabana. Kumwangusha mwenzako bila kumvunja na bila kujivunja, hilo analifundisha kwa namna ambayo simu haiwezi. Analala chini yeye mwenyewe, jitu zima, halafu anapiga magoti, anawaita mmoja mmoja wamwangushe. Kichwa kikae upande wa nyuma, ubavuni mwa makalio, kamwe kisikae mbele ya magoti. Mtoto akikosea kichwa, Kocha anamshika hapo hapo hewani, anamrudisha, anamweka sawa kwa mkono. Hana papara. Halafu anawafundisha wapi pa kutazama: macho ya mtu yanadanganya, mabega yanadanganya, kiuno hakidanganyi, kiuno kinapokwenda ndipo mtu anapokwenda. Aliambiwa na nani? Na hao waliompita wakamwacha kwenye nyasi, alisema. Hiyo ndiyo faida ya aliyecheza, na ningelipa hata kama ingekuwa hiyo peke yake.

Wadogo kabisa hawakabani. Wanacheza na mikanda yenye tepe mbili za kuchomoa kiunoni, ukichomoa tepe umemkamata. Mzazi mwenye hofu aanze mtoto hapo. Mpira nao si mmoja kwa wote. Wa miaka kumi hadi kumi na nne wanatumia namba 4, mdogo kidogo kuliko wa wakubwa. Shida ni kwamba namba 4 iko michache mno kwa umati ule, na mmoja unavuja hewa. Kwa ada wanayokusanya, mpira mpya mmoja kila mwezi si jambo la kuitishia mkutano.

Kuhusu usalama, niliona tukio moja. Vichwa vya wavulana wawili viligongana. Mmoja akanyanyuka anacheka lakini anapepesuka. Baba yake alitaka arudi uwanjani, akasema mtoto wa kiume huyu. Binti akakataa katakata: aliyegongwa kichwa akionyesha dalili hachezi tena siku hiyo, na hatarudi mpaka daktari aseme. Baba akamgeukia Kocha, maana wanaume huangaliana. Kocha akasema, "Msikilize yeye." Wakati wao, alituambia baadaye, walimwagiwa maji wakaendelea. Wakati huu hapana.

Binti yangu ana miaka kumi na mitatu na hakuja kwa hiari; nilimleta ili asibaki na simu. Sasa ndiye anayemwamsha mdogo wake. Anavaa hijabu ya michezo ile ya kubana isiyo na pini, na suruali ya kubana chini ya kaptula, na hakuna aliyemuuliza. Kuanzia umri wake wasichana na wavulana hawakabani pamoja, wanatenganishwa. Wasichana ni wachache, kwa hiyo mara nyingine hawatoshi kucheza mechi na wanaishia kufanya pasi tu, jambo linalowaudhi. Dada Kocha huwaambia kwamba timu ya wanawake ya Kenya imekwenda Olimpiki mbili, Rio na Tokyo. Binti yangu akamuuliza kama makocha wao walikuwa wanawake. Swali hilo nimelipenda.

Sasa fulana. Hapa niko kwenye uwanja wangu. Wanauza fulana ya mazoezi ya kijani kwa shilingi 800 na wanakusukuma kidogo ununue. Nimeishika, nimeigeuza, nimeivuta. Kitambaa ni cha plastiki chepesi kisichopitisha jasho, na kwa joto la Mombasa mtoto ataiva humo. Mshono wa bega ni mmoja, haujarudiwa, na raga ni mchezo wa kuvutana fulana. Rangi inatoka fuo la kwanza. Niliifua na kanzu ya mume wangu, na kanzu ile sasa ni ya kulalia. Msinunue. Mvalisheni mtoto fulana ya pamba nzito yoyote. Nimewaambia waziwazi, nikawapa na jina la mshonaji wa Majengo anayejua kurudia mshono. Walisema watafikiria.

Njumu nendeni Kongowea kwenye mitumba, mapema, siku marobota yanapofunguliwa. Kunja soli katikati. Ikipiga mlio imekauka, iache. Hakikisheni meno ya chini hayana ncha kali zilizolika, maana yatakanyaga mtoto wa mtu. Kinga ya meno nunueni mpya, ile ya kuchovya kwenye maji ya moto mtoto akaiuma ikachukua umbo la meno yake. Hiyo haina mtumba, jamani.

Saa moja asubuhi si ya kuonea uvivu. Saa tatu jua la Tudor limeshakuwa jingine, hasa wakati wa kaskazi, na kivuli ni kile cha mwembe mmoja tu. Pia wanaokwenda chuo, yaani madrasa, Jumamosi wanawahi kipindi cha saa nne ukiwa na tuk-tuk ya kusubiri. Wangu wamewahi kuingia chuoni na vumbi masikioni, ustadhi akanipigia simu. Tumeelewana.

Mengine nitayapitia haraka. Uwanja una vipande vya mawe ya matumbawe upande wa bahari, na kuna siku niliokota chupa iliyovunjika. Wazazi tumeanza kuzunguka na ndoo kabla watoto hawajaingia, kazi ambayo ingekuwa ya wenye mazoezi. Choo kinafunguliwa mlinzi akijisikia. Mvua ikinyesha usiku, ujumbe wa kuahirisha unakuja ukiwa tayari umefika langoni. Kundi la WhatsApp limejaa matokeo ya mechi na sala za asubuhi mpaka tangazo lenyewe hulioni. Ada inaingia kwenye namba ya simu ya Kocha mwenyewe na risiti hakuna. Mimi nimejichapishia daftari langu na humpa asaini kila mwezi. Mwanzoni alicheka. Sasa anakuja na kalamu. Viazi karai vya yule mama wa langoni ni vizuri, ukwaju wake mkali, lakini msiwape watoto kabla ya mazoezi.

Kwa jumla mimi ninaendelea kulipa. Ukitaka mtoto wako aingie timu ya taifa, hapa hakuna aliyekuahidi hilo, na ningemkimbia anayeahidi. Ukitaka atoke kitandani, ajifunze kuanguka na kusimama, na akutane na watoto wasio wa mtaa wake, shilingi 1,500 haiumi sana. Mtoto wa chini ya miaka kumi na mbili omba awe kwenye kundi la Dada Kocha. Akikua na kuanza kukabana, mpeleke kwa Kocha, uvumilie na zile hadithi.

Jambo moja linanisumbua. Yule binti anamaliza masomo mwisho wa mwaka, na nilipomuuliza analipwa nini, alisema nauli na chai. Nimemwambia Kocha, mbele ya wazazi wengine, kwamba nusu ya wanaolipa hapa wanamlipia yeye, na apewe chake kila mwezi kabla hajapata kazi kwingine. Kocha amesema ataangalia hesabu. Mwezi ujao nitaliweka daftari mbele yake na kuuliza tena. Binti akiondoka, mdogo nitamrudisha kwenye shilingi 500 za siku moja moja mpaka nione nani amesimama mahali pake.